Shajara ya metronomu ya simu: kutafuta pigo la kwanza

Jumamosi, 1 Februari

Leo nimefungua faili la kwanza la mradi huu. Nataka metronomu ya simu, yaani kigonga mapigo cha kumwongoza mwanamuziki, isiyogonga peke yake. Simu zikiwa tano katika chumba kimoja, pamoja na tableti na tarakilishi, zote zigonge pigo moja, na kila moja ijue pigo hilo ni la ngapi ndani ya bari, kile kifungu cha mapigo kinachojirudia katika wimbo.

Sababu ni yaliyotupata Januari. Kundi letu ni watu watano na tunafanyia mazoezi katika ukumbi mdogo Buruburu, Nairobi, wenye paa la mabati na soketi mbili za stima. Mashine ya ngoma iko kwenye tableti, mimi napiga kinanda kupitia programu ya muziki ya Live kwenye tarakilishi, kuna mpiga besi, kuna dada anayeimba huku akiongeza sauti kutoka kwenye simu yake, na kuna mzee wetu wa ngoma ya msondo aliyelelewa Mji wa Kale, Mombasa. Vifaa tulikuwa tumeviunganisha kwa waya wa MIDI. Mfumo huo wa vyombo vya muziki kuwasiliana ni wa mwaka 1983 na bado unaheshimika: kifaa kimoja kinaongoza na kutuma vipigo 24 kwa kila robo noti (noti ambayo mara nyingi ndiyo pigo moja), vingine vinafuata. Katikati ya wimbo mguu wa mtu ukavuta waya wa tableti. Kiongozi akanyamaza, na wote waliomfuata wakanyamaza naye.

Ableton, kampuni ya Berlin, ilitoa teknolojia ya Link mwaka 2016, na mwaka huohuo ikaachilia msimbo wake chini ya leseni huria ya GPL. Ndani ya Link hakuna kiongozi. Vifaa vilivyo kwenye waifai moja vinajitangaza, vinalinganisha saa zao kwa kutumiana ujumbe mfupi huku na huku, kisha vinakubaliana kuhusu kasi, pigo, na mahali pa pigo hilo ndani ya bari. Yeyote anaweza kubadilisha kasi na wenzake wakamfuata. Yeyote anaweza kuondoka na ngoma isisimame. Hicho ndicho ninachokitaka. Kwa kuwa nautumia msimbo wa GPL, wangu nao utakuwa huria, nami nafurahi iwe hivyo.

Jumanne, 4 Februari

Usiku wa kuandika injini ya sauti.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuiambia simu: subiri milisekunde 500, gonga, subiri tena. Simu haisubiri hivyo. Ujumbe unaingia, skrini inajichora upya, na ile 500 inakuwa 507, mara 531. Niliweka mlio huo karibu na mpiga besi naye akakunja uso kabla sijamwambia chochote.

Kwa hiyo nimeacha saa ya programu na kuifanya sauti yenyewe iwe saa. Simu yangu hutoa sauti kwa sampuli, vipande vidogo mno vya sauti, 48,000 kila sekunde. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni sampuli 24,000 kamili. Natumia maktaba (msimbo ulio tayari) ya Oboe, ambayo kwenye simu mpya hupitia njia ya AAudio iliyokuja na Android 8. Kila baada ya muda mfupi maktaba hiyo inaniomba kifurushi cha sampuli. Kwenye simu yangu kifurushi kimoja ni sampuli 192, yaani milisekunde 4. Kazi yangu ni kuhesabu pigo linaangukia sampuli ya ngapi ndani ya kifurushi, ili mlio uanze papo hapo na si mwanzoni mwa kifurushi kinachofuata.

Kisha nikakutana na desimali. Kwa kasi ya 130, pigo moja ni sampuli 22,153.846. Nilikuwa naikata ile desimali na kuendelea, nikijiambia kwamba chini ya sampuli moja si kitu. Nikapiga hesabu kwenye karatasi: saa moja ina mapigo 7,800, na kila pigo linapoteza sampuli 0.846, jumla sampuli 6,600. Hiyo ni milisekunde 137. Nani atasimama kwenye ibada ya saa moja na metronomu iliyoteleza kiasi hicho? Sasa sijumlishi. Kila pigo linahesabiwa upya kutoka mwanzo wa wimbo, na kukadiria kunafanyika mara moja tu, mwishoni, wakati wa kuchagua sampuli.

Nimeiacha ikigonga usiku kucha nikiwa nimelala. Asubuhi ilikuwa pale pale ilipotakiwa kuwa.

Alhamisi, 6 Februari

Mlio. Nimechagua wa kijiti cha mbao, mfupi na mkali mwanzoni ili upenye ngoma. Pigo la kwanza la bari lina sauti nyembamba zaidi. Inatosha.

Jumamosi, 15 Februari

Link imeingia. Nyumbani simu mbili zilikataa kuonana kwa siku tatu. Moja ilimwona mwenzake, mwenzake hakuona mtu. Chanzo ni kwamba Android, ili kulinda betri, huchuja ujumbe wa waifai ambao haukuandikiwa simu hiyo moja kwa moja, na Link hujitangaza kwa ujumbe wa wote. Programu lazima iombe ruhusa na ishike kufuli maalumu la kuuacha ujumbe huo upite. Nimeongeza mistari minne ya msimbo, na simu zikasalimiana. Niligusa kasi kwenye moja, 96 ikawa 104, na ya pili ikabadilika kabla sijainua kidole. Nilikaa hapo nikiibadilisha kasi huku na huku kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

(Anwani ambayo Link hujitangazia ni 224.76.78.75. Kwa hesabu za tarakilishi, 76, 78 na 75 ni herufi L, N na K. Kuna mtu aliyeichagua kwa upendo.)

Ukumbini mambo yakawa mengine. Simu tano, waifai ya ukumbi, na kwenye skrini zote: "wenzako: 0". Ruta ya pale imewekwa ili wanaojiunga wapate intaneti lakini wasionane wao kwa wao. Kwa mahali pa umma hilo ni jambo la busara, ila kwetu linafunga mlango wote. Siwezi kumwomba mwenye ukumbi abadilishe mipangilio yake kwa ajili ya metronomu.

Jioni nikapitia Luthuli Avenue nikanunua ruta ndogo iliyokwisha kutumika, inayokaa kiganjani. Haina intaneti na haihitaji. Hili nitaliandika kwa herufi kubwa kwenye maelezo ya programu, kwa sababu kila mtu wa kundi aliniuliza: Link haili bando lako hata kidogo. Mazungumzo yote yanabaki ndani ya chumba.

Jumamosi, 22 Februari

Siku nzito, na yenye faida kuliko zote hadi sasa.

Tulijaribu wimbo wetu wa chakacha, ngoma ya pwani. Chakacha hubebwa na mapigo sita kwa bari, na utamu wake uko katika kuyagawa: ukiyakata matatu matatu unapata hatua mbili, ukiyakata mawili mawili unapata hatua tatu. Mchezaji yuko kwenye mbili, ngoma moja iko kwenye tatu, na zote ni kweli kwa wakati mmoja.

Dada alikuwa ameiweka mashine ya ngoma kwenye tatu kwa nne, yaani robo noti tatu kwa bari, kasi 150. Metronomu ikajiunga, ikaonyesha 150, ikagonga mara tatu kwa bari. Mzee wetu akasikiliza bari mbili akaweka msondo chini.

"Mwanangu, hii mbio ya nani? Ngoma hii mwendo wake ni huu." Akapiga makofi. Nikampima: mapigo 100 kwa dakika.

Dada hakukosea na mzee hakukosea. Link hugawana robo noti. Bari ya mapigo sita, iandikwayo sita kwa nane, nayo ina urefu wa robo noti tatu, kwa hiyo kwa kasi ya 150 bari moja ni sekunde 1.2. Anayehesabu kwa hatua mbili anapiga mara mbili ndani ya muda huohuo, yaani 100 kwa dakika. Uwiano ni tatu kwa mbili. Makosa yalikuwa yangu, kwa kudhani kwamba pigo la Link na pigo la mchezaji ni kitu kimoja.

Nikaiacha Link kwenye 150, nikaupanga mlio kwa mkono ugonge mara mbili kwa bari, tukajaribu tena. Sasa mwendo ulikuwa sawa, lakini mzee bado alikuwa anatikisa kichwa.

"Kinahesabu sawa, mwanangu. Ila kinaanzia pasipo pake."

Mwito wa msondo unatangulia. Yeye anaingia kabla ya bari, na anajua kwa mwili pigo la kwanza liko wapi. Mashine nayo ilikuwa imeshaamua ya kwake tangu ilipowashwa. Tuliachana kwa nusu bari, sote tukiwa na kasi moja kamili.

Hili limenikaa. Tangu Februari mosi nimekuwa nikihangaika na kasi, sampuli, desimali, na nusu ya kazi sikuwa nimeigusa. Watu wawili wanaweza kutembea kwa mwendo mmoja wasifike pamoja.

Mzee amesema Ramadhani ikianza hatakuja mazoezini, turudiane baada ya Idi. Nina mwezi mmoja.

Jumanne, 4 Machi

Mwendo umerekebishwa. Sasa mtumiaji anachagua jinsi anavyohesabu, na programu inatafsiri. Ukichagua sita kwa nane, upana wa bari kwa Link unakuwa robo noti 3, na mlio unaangukia 0 na 1.5. Skrini inaonyesha nukta sita. Ukiigusa nukta yoyote inapata mkazo au inapoteza, hivyo unaweza kusikia mbili, au tatu, au zote mbili kwa milio tofauti. Namba kubwa juu ni ya mchezaji: 100. Chini yake, kwa maandishi madogo, ile inayosomwa na vifaa vingine: 150.

Pigo la kwanza bado.

Alhamisi, 13 Machi

Kuchelewa kwa sauti. Link inakubaliana kuhusu wakati ambao sauti inapaswa kumfikia msikilizaji, wala haijui simu yako inachukua muda gani kuitoa hadi kwenye spika. Hiyo ni kazi ya programu.

Nimepima hivi. Simu mbili mezani, maikrofoni moja katikati, sentimita kumi kutoka kila spika, nikarekodi dakika moja kwenye tarakilishi. Kisha nikavuta mchoro wa sauti hadi pigo moja likajaza skrini. Badala ya mlima mmoja niliona milima miwili: wa simu yangu, halafu uwanda mtupu, halafu wa simu ya dada. Kutoka kilele hadi kilele, milisekunde 48. Kwa sikio tu nilikuwa nikisema "zinagonga pamoja, ila mlio umekuwa mpana kidogo." Kumbe ni mlio mmoja uliopasuka.

Simu yenyewe hutoa makadirio ya kuchelewa kwake, na kwa simu yangu yako karibu na ukweli. Kwa ile ya dada yalikuwa na upungufu mkubwa. Kwa hiyo nimeweka ukurasa wa kurekebisha kwa mkono: simu mbili zinagonga, unasogeza kitelezi hadi milio miwili inakuwa mmoja. Dada alikifanya kwa nusu dakika bila maelezo yangu. Nikarekodi upya, na vilele vimeachana kwa milisekunde 3.

Tatu si kitu. Sauti hewani huenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mpiga besi akirudi nyuma hatua moja tayari ameongeza karibu hizo.

Jumamosi, 22 Machi

Visikizi vya Bluetooth: hapana. Nimejaribu jozi tatu, zote zinachelewa zaidi ya milisekunde 150, na kwa kasi ya 120 hiyo ni zaidi ya robo ya pigo. Mbaya zaidi, ucheleweshaji wenyewe hubadilika ukizizima na kuziwasha, hivyo kitelezi hakisaidii. Programu sasa inamwambia mtumiaji atumie za waya.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita na mzee amerudi, amekuja na halua.

Kuhusu pigo la kwanza. Link ina njia mbili za kuliweka. Ya kwanza ni ya adabu: unaomba kuanza, unasubiri bari ya wenzako ifike mwanzo, unaingia. Hiyo ndiyo njia ya kawaida, na watengenezaji wameisisitiza. Ya pili inalazimisha: unasema "pigo la kwanza ni sasa", na kila kifaa kilichounganishwa kinahamishwa. Watengenezaji wameonya itumiwe kwa uangalifu, kwa kuwa inamvuruga kila aliyeko katikati ya kupiga.

Nilifikiri sana Machi yote. Katika ngoma ya mzee, anayetoa mwito ndiye mwenye haki ya kulazimisha, na wengine wanamngojea kwa hiari. Basi nimeweka kitufe kikubwa, "Anzia hapa". Kinafanya kazi kabla ya wimbo tu. Link huweza pia kugawana habari kwamba wimbo umeanza au umesimama, kwa hiyo wimbo ukishaanza kitufe kinajifunga na hakuna anayeweza kumvuruga mwenzake.

Nilimpa mzee simu akaiweka kwenye kiti mbele yake. Akatoa mwito wa msondo, mapigo matano mkono wa kulia na wa kushoto, na la sita likaangukia kwenye skrini, kwa kiganja kizima, kama ngozi ya ngoma. Nukta ya kwanza ikawaka. Mashine ya ngoma ikaingia. Besi ikaingia. Nilichelewa mimi, kwa sababu nilikuwa nikimtazama yeye.

Hakuweka kisikizi chochote sikioni kwa wimbo mzima, na hakuitazama skrini tena. Tulipomaliza akasema, "Sasa kimejua adabu," kisha akatukatia halua.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua ya masika. Ilianza saa tisa na nusu, na juu ya mabati hakuna anayemsikia mwenzake. Hapo visikizi vya waya vilionyesha thamani yake, kwa kuwa mlio ulikuwa ndani ya sikio na mvua ilikuwa nje. Katikati ya wimbo wa pili stima ikapotea.

Spika zikafa, amplifaya ya besi ikafa, ruta ikafa. Dada akaendelea kuimba, mzee akaendelea kupiga. Simu tatu zilikuwa zikigonga kwa betri, kila moja ikionyesha "wenzako: 0", na zote zikiwa bado kwenye bari moja. Mtandao ukikatika, kila kifaa kinaendelea na kasi na pigo la mwisho walilokubaliana, kwa saa yake chenyewe. Saa za simu hazilingani kabisa. Tukichukua tofauti ya sehemu 20 kwa milioni, dakika sita zinawaachanisha kwa milisekunde 7 hivi. Wakati wa MIDI tungekuwa tumeshakaa chini.

Stima ilirudi baada ya dakika kama sita. Ruta ikawaka taratibu, na kwenye skrini nikaona "wenzako: 1", halafu 2, halafu 3. Sikusikia pigo likiruka.

Ruta sasa inaishi kwa pawabenki. Inatumia volti 5, waya wa kawaida wa chaja unatosha.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilimtembelea mwalimu wangu wa zamani wa kwaya kumwonyesha. Kwenye rafu yake bado ipo metronomu ya mbao, ya kukaza kwa ufunguo, ile ile tuliyoiogopa tukiwa watoto. Umbo hilo lilisajiliwa na Johann Maelzel mwaka 1815, ingawa pendulo yake yenye uzito pande mbili ilikuwa ya Dietrich Winkel wa Amsterdam, mwaka mmoja kabla. Maelzel ndiye aliyeacha herufi zake, M.M. (metronomu ya Maelzel), juu ya karatasi za muziki.

"Na zako zinaongozwa na ipi?" akauliza.

"Hakuna, Mwalimu. Zinapatana."

Nikamweleza jinsi Christiaan Huygens, mwaka 1665, alivyoona saa zake mbili za pendulo zilizotundikwa kwenye boriti moja zikilingana mwendo zenyewe, zikisukumana kupitia mti. Boriti yetu ni waifai. Alilipenda hilo.

Kisha akanipa kazi. Kwaya yake inaimba vizuri mlio ukiwapo na inakimbia ukiondoka. Anataka metronomu inyamaze kwa bari nne, irudi kwa mbili, inyamaze tena, ili waimbaji wagundue wenyewe wamefika wapi. "Na inyamaze kwa wote pamoja," akasema, "soprano wasiwe na mlio huku besi hawana."

Jumamosi, 26 Aprili

Bari za kimya zimekamilika. Kila simu huhesabu bari tangu "Anzia hapa" ilipoguswa, kwa hiyo zote hunyamaza pamoja bila kutumiana ujumbe wa ziada. Anayejiunga kwa kuchelewa ndiye tatizo: analijua pigo, lakini hajui ni bari ya ngapi. Kwa sasa simu yake inagonga mfululizo hadi wimbo unaofuata. Sijaridhika na hilo.

Toleo la 0.6 na msimbo wake viko wazi kwa yeyote. Orodha ya simu zilizopimwa ina simu kumi na moja. Naomba mwenye simu ya bei nafuu arekodi vilele vyake na kuniletea namba, hasa akiwa anaitumia kanisani au kwenye ngoma.

Jumanne jioni ni mazoezi ya kwaya. Ruta imo kwenye begi, na pawabenki inachajiwa.